Kagua mchungwa ukijua bakteria wake anapita mlango gani

Kabla hujakata kikonyo cha kubebesha, yaani kijiti cha kuunganisha kwenye mche mwingine, simama kwenye mti mama ukiwa na kalamu. Tafuta jani lililokomaa lenye umanjano. Chora duara dogo upande mmoja wa uti wa jani, kisha jingine upande wa pili, mahali panapolingana, na uyalinganishe. Rangi zikifanana pande zote mbili, mara nyingi mti una njaa, hasa ya zinki. Duara moja likiwa la kijani na mwenzake lina mabaka ya njano, usikate kitu. Hiyo ndiyo alama ninayoiogopa kuliko zote hapa kitaluni kwangu Mnazi Mmoja, Lindi: huanglongbing, ugonjwa wa bakteria unaoua michungwa. Tazama na tunda. Likiwa limepinda na kitako kimebaki kijani, lipasue. Mbegu nyeusi zilizosinyaa huongeza shaka.

Nakazania kikonyo kwa sababu ya jenomu, yaani maandishi yote ya vinasaba vya kiumbe. Ile ya Liberibacter asiaticus, bakteria wa Asia anayeleta ugonjwa huu, ilisomwa mwaka 2009 ikakutwa na herufi takriban milioni 1.2 tu. Kwa kuishi vizazi na vizazi ndani ya mirija ya mti na mwilini mwa kidudu anayefyonza utomvu, amepoteza jeni nyingi za kujitegemea. Ndiyo maana maabara humtambua kwa kipimo cha vinasaba, PCR, badala ya kumwotesha kwenye kisahani. Harukii mti mwingine kwa tone la mvua. Milango yake mikubwa ni miwili: kidudu, na kisu cha mbebeshaji. Huo wa pili uko mikononi mwetu wenye vitalu, na sioni udhuru wa kuuacha wazi, maana mche mgonjwa unaweza kufika Nachingwea au Newala ukiwa bado unapendeza macho.

Mlango wa kidudu ukague mvua za kwanza zinapoleta machipukizi, kwa kuwa hutaga kwenye majani machanga. Diaphorina citri, kidudu wa Asia, hukaa kichwa chini, mkia juu. Watoto wake ni wa njano na hutoa nyuzi nyeupe za nta. Trioza erytreae wa Afrika huacha vishimo chini ya jani na vinundu juu. Zamani joto la pwani lilitukinga, kwani Trioza na bakteria wa Kiafrika anayebebwa naye hupenda ubaridi wa milimani. Diaphorina huvumilia joto, na mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya kwanza ya kuonekana kwake Afrika Mashariki, hapa hapa Tanzania. Kama una mti wa karipata uani, ukague pia. Vidudu hawa huupenda.

Kanka ya michungwa, ugonjwa wa madoa, ni habari nyingine. Bakteria wake, Xanthomonas citri, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2002, ana herufi zaidi ya milioni 5. Husafiri kwa mvua yenye upepo, akaingia kwenye matundu ya jani na majeraha, hasa njia zinazochimbwa na viwavi ndani ya jani. Akishaingia hudunga protini iitwayo PthA4, nayo huwasha jeni ya mti wenyewe, CsLOB1. Seli huvimba na kupasuka, yakatokea madoa magumu yaliyoinuka pande zote mbili za jani, yenye duara la njano.

Hapa usidanganywe na aina ya mti. Bakteria wa kanka ana makundi. Kundi A hushambulia karibu jamii yote ya michungwa. Kundi A* hupenda zaidi ndimu. Kundi Aw lina jeni xopAG ambayo balungi huitambua, seli zake zikafa haraka na kumfungia njia. Kwa hiyo mbalungi safi kando ya mndimu wenye madoa si dalili kwamba ugonjwa ni mwepesi. Kagua kila aina iliyopo shambani, na anza na mindimu.

Usipite kati ya miti ikiwa imelowa. Chovya kisu kwenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, kila uhamapo mti. Ukishuku, usibebe matawi kwenda kuwaonyesha majirani. Piga picha, funga utepe kwenye tawi, mwite afisa ugani aje palepale, naye awasiliane na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mpaka majibu yatoke, usiuze mche wowote uliotokana na mti huo.