Namna ya kufundisha lango la ngome la Domme kwa chaki, boksi na magunzi

Mwalimu wa historia wa hapa Iringa anayetaka kufundisha miji ya Ulaya ya Zama za Kati namshauri aanzie langoni, na achague Porte des Tours, lango la mji wa Domme kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mji huo uliasisiwa mwaka 1281 na Mfalme Philippe wa Tatu, ukapangwa kwa mitaa iliyopimwa.

Chora lango uwanjani kwa chaki au majivu: njia nyembamba katikati, na kila upande mnara wa nusu duara uliojitokeza mbele ya ukuta. Picha pekee haitoshi, kwa sababu humwonesha mwanafunzi uzuri wa mawe na kumficha kazi ya lango. Mwanafunzi mmoja aje kutoka nje kama adui, wenzake wawili wakiwa minarani. Akifika mlangoni ataona kwamba anaonekana kutoka kulia na kushoto kwa pamoja, ilhali ukuta ulionyooka ungempa mahali pa kujibanza.

Tumia muda mrefu zaidi kwenye mwanya wa kurushia mishale. Simamisha mezani vipande viwili vya boksi mfano wa herufi V, upande wa nje ukiacha upenyo wa vidole viwili tu, na upande wa ndani ukiwa na nafasi ya kutosha kichwa. Mwanafunzi aliye ndani asogeze kichwa taratibu kulia na kushoto, naye ataona karibu uwanja mzima; walio nje, hatua kumi mbele yake, wajaribu kupenyeza magunzi ya mahindi, nayo mengi yataishia kwenye boksi. Wabadilishane nafasi mpaka kila mmoja awe ameona mwenyewe.

Usiache kutaja michoro ya misalaba iliyochongwa ndani ya minara, ambayo huhusishwa na Watemplari, yaani askari watawa wa Kikristo, waliofungwa humo baada ya kukamatwa mwaka 1307.

Kipindi kinachofuata kifanyieni Kalenga, kwenye eneo la ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Kwa kuwa wavamizi hao walikuja na mizinga, waulize wanafunzi ni sehemu gani ya lango la Domme ingewafaa Wahehe siku ile na ipi isingewafaa, kisha kila kundi lichore ardhini lango lake na kulitetea mbele ya wenzao.