Kabla hujaigawa kompyuta ya zamani

Kompyuta kukataa kuwaka si mwisho wa mafaili yako. Chomoa diski ngumu, iunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA ya USB, yaani kiunganishi cha kuichomeka diski kwenye tundu la USB (diski ya inchi 3.5 huhitaji umeme wake wa pembeni), nakili unachotaka. Ukisikia inagongagonga, izime hapo hapo.

Kwenye kufuta ndiko wengi hujidanganya. Kumwaga pipa la taka, hata kufomati kwa haraka, huondoa orodha ya mafaili tu. Data bado imekaa pale na programu ya bure huirudisha. Kwenye Windows, ondoa tiki ya kufomati haraka: tangu toleo la Vista, kufomati kikamilifu huandika sifuri diski nzima. Huchukua saa kadhaa, iache usiku. SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ni habari nyingine: tumia programu ya mtengenezaji wake.