Namna ya Kujua Wafanyakazi Vijana Wanavyouona Utamaduni wa Kazi Katika Kampuni Kubwa

Katika kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi, kijana aliyeajiriwa karibuni hakutani na kampuni nzima. Hukutana na msimamizi wake, kikao cha kila wiki na kundi la ujumbe la idara yake. Kwa hiyo, anayetaka kujua vijana wanauonaje utamaduni wa kazi asianze na maadili yaliyobandikwa ukutani. Edgar Schein, mtaalamu wa utamaduni wa taasisi, alitenganisha yanayoonekana, yanayotangazwa, na yale ambayo watu huyafuata bila hata kuyasema. Mgeni kazini huyagundua haya ya mwisho upesi, kwa kuwa bado hajayazoea.

Uliza matukio, usiulize maoni. Swali kama "Unaridhika na utamaduni wetu?" huzaa jibu la adabu tu. Afadhali kuuliza: "Mara ya mwisho ulipopingana na msimamizi wako kikaoni, ilikuwaje?" au "Ujumbe wa kazi ukiingia saa 3 usiku, unaujibu? Usipoujibu, asubuhi inakuwaje?" Swali hili la pili lipewe muda wa kutosha. Nchini Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana kuhusu haki ya mfanyakazi kutofuatwa na mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Lakini hata pale penye kanuni nzuri, kijana humtazama msimamizi anamsifu nani kikaoni, na akisifiwa yule aliyejibu usiku wa manane, kanuni imekwisha kufutwa machoni pake.

Mwulizaji asiwe msimamizi wa anayeulizwa. Wakutanishe watu watano au sita wa ngazi moja, bila mkuu yeyote chumbani, kisha wape pia nafasi ya kuzungumza mmoja mmoja. Hojaji isiyo na majina ina mtego wake: matokeo yakichambuliwa kwa umri, idara na tawi, kijana pekee wa idara fulani atatambulika mara moja. Usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya watano. Wakumbuke pia wa mikataba ya muda, wa zamu za usiku na wanaoacha kazi.

Waulize wakongwe maswali yaleyale. Malalamiko mengi yanayoitwa ya vijana ni malalamiko ya mtu yeyote aliye mgeni au wa ngazi ya chini, na ni dhulma kuyapuuza kwa kisingizio cha umri.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1999, alionyesha kwamba timu ambazo watu wake wanaamini hawatadhalilishwa wakisema au wakikiri kosa ndizo hujifunza zaidi. Imani hiyo huvunjika pale watu wanapoulizwa kisha wakaachwa kimya. Andika taarifa fupi inayoeleza kitakachobadilika, nani atakisimamia, na kisichoweza kubadilika pamoja na sababu zake. Rasimu yake waisome kwanza wale waliohojiwa, kabla haijafika kwa menejimenti, ili wasahihishe maneno yao pale yalipofupishwa vibaya.