Kumfuata mwenza Uingereza: nani akusaidie, na kwa kazi ipi

Nina steshenari Moshi mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Fotokopi, kuprinti, kuskani, picha za pasipoti. Kwa miaka tisa nimeprinti fomu za watu wanaowafuata wenza wao Ujerumani, Kanada, Marekani na Uingereza, na si wachache waliorudi kuprinti fomu zilezile mara ya pili baada ya kukataliwa. Mwaka 2025 ikawa zamu yangu. Mume wangu ni Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu Uingereza. Mimi niliomba viza ya mwenza, na binti yangu wa miaka 10, ambaye baba yake ni mwingine, akaombewa pamoja nami. Nitasimulia ya Uingereza kwa sababu ndiyo njia niliyopita.

Nianze na aibu yangu, maana huko ndiko nilikojifunza.

Mwaka 2022, kabla hatujaoana, nilitaka kwenda kumtembelea tu. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye ofisi, bango la bendera mlangoni na picha za ndege ukutani. "Dada'angu, wewe niletee pasipoti, mengine niachie mimi." Nikamtumia 800,000 kwa M-Pesa, nikamwachia kweli. Fomu sikuiona. Akaunti ya maombi aliifungua kwa barua pepe yake na nywila akabaki nayo yeye. Nilipokataliwa, hata barua sikuisoma, nilisomewa kwa simu kwa sentensi moja: "Wamesema vielelezo havitoshi, tujaribu tena." Kujaribu tena ilikuwa 500,000 nyingine. Nikakaa kimya.

Alichokiandika nilikuja kukijua mwaka 2025, kupitia mshauri wa kule Uingereza. Alinieleza kwamba mtu yeyote anaweza kuiomba wizara yao ya mambo ya ndani impe taarifa zake inazozihifadhi, na hailipishi. Majibu yalipokuja niliyaprinti mwenyewe usiku, duka limefungwa, nikaanza kusoma. Kazi: meneja wa kampuni ya utalii, Arusha. Mshahara: milioni tatu na nusu kwa mwezi. Mimi, ninayehesabu sarafu za mia mia za fotokopi! Chini kabisa nimetamka kwamba yote ni ya kweli. Mwenye kutamka ni mwombaji, na jina lililopo pale ni langu. Kule mtu akibainika kudanganya kwenye maombi ya viza anaweza kufungiwa hadi miaka 10, na si rahisi kujitetea kwa kusema fomu ilijazwa na kishoka.

Basi sharti la kwanza kwa yeyote atakayekusaidia, awe mwanasheria au binamu yako: barua pepe iwe yako, nywila iwe yako, na fomu uisome yote kabla haijatumwa. Kiingereza kikikupiga chenga, mtu akae na wewe akutafsirie swali kwa swali. Akisema hakuna haja, chukua pasipoti yako uondoke.

Wakili wa hapa na mshauri wa kule

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wakili wa Moshi au Arusha anajua sheria za Tanzania. Kazi yake kwako ni karatasi za Tanzania: viapo, hati ya kubadili jina, kuthibitisha nakala, pengine kukufuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili. Kabla ya kumlipa, mtafute kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama ulioko mtandaoni. Unaandika jina lake, unaona kama yumo kwenye orodha ya mawakili na kama ana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huo. Ni dakika mbili kwenye simu. Suti na muhuri havithibitishi kitu. Mihuri inachongwa, mimi mwenye steshenari ndiye nakwambia.

Kwangu wakili alinifaa sana kwenye jina la baba. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa "Eliya", kitambulisho cha NIDA na pasipoti "Elia". Herufi moja. Huku kwetu ni kawaida tu, kuna ndugu wa tumbo moja, mmoja ni Mushi na mwingine Moshi kwa sababu ya karani fulani wa zamani. Ila ofisa wa viza hajui hayo, kwake hao ni watu wawili. Kiapo kimoja, 30,000, nusu saa, yakaisha. Kagua herufi za majina kwenye vyeti vyote kabla hujafanya kingine chochote, na cha ndoa kikiwemo. Sisi tulifunga bomani mwaka 2023, kwa tangazo la siku 21 kama sheria inavyotaka, na cheti tulichokabidhiwa nilikisoma palepale mbele ya ofisa. Kama mmefanya mahari na sherehe ya ukoo tu, bila cheti, anzeni na usajili.

Anayejua sheria za uhamiaji za Uingereza ni mtu mwingine. Kule, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuidhinishwa ni kosa la jinai tangu sheria yao ya mwaka 1999. Washauri wasio mawakili wanasimamiwa na chombo kiitwacho Immigration Advice Authority, ambacho hadi Januari 2025 kiliitwa OISC. Orodha ya washauri iko wazi mtandaoni, kila ofisi ina namba yake, na wana madaraja matatu. Wa daraja la kwanza anajaza maombi ya kawaida, wa tatu anaweza kukutetea kwenye rufaa. Mawakili wao wana chombo chao na orodha yao. Mume wangu aliitafuta namba ya mshauri wetu kwenye orodha kabla ya kumpigia, na simu akaipiga kwa namba iliyoko kwenye orodha, siyo ile ya Facebook.

Kituo cha maombi cha Dar hakimo kwenye hesabu hii. Pale wanapokea nyaraka, alama za vidole na picha. Hawaamui chochote, na ushauri wa mlinzi wa getini usiuchukue kama sheria.

Barua iliyotaka kuniharibia

Kosa langu la pili nilifanya na mtu mwaminifu kabisa. Kwa kuwa wakili wangu aliandika kiapo vizuri, nikamwomba aandike na barua ya baba wa mtoto, ya kuridhia binti asafiri. Akaandika barua tamu, baba mtoto akasaini, mhuri ukapigwa. Nikaituma kwa mshauri kwa majigambo.

Mshauri wetu ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, ofisi yake iko Birmingham. Kwenye video aliisoma kimya, kisha akavua miwani.

"Mwanangu, hii umeandikiwa na nani?"

"Wakili wa huku, mama."

"Yasema hapa, 'sisi wazazi wote wawili, baada ya kushauriana kama ilivyo desturi yetu katika malezi ya mtoto wetu.' Ni kweli?"

"Hapana. Hajamwona tangu ana miaka miwili."

"Sasa mbona mwasema hivyo?"

"Nilidhani inapendeza."

Akacheka, halafu akanifundisha. Mtoto anapoombewa na mzazi mmoja anayekwenda kwa mwenza ambaye si mzazi wa mtoto huyo, moja ya njia kuu ni kuonyesha kwamba mzazi huyo ndiye pekee mwenye jukumu la malezi. Swali lao ni nani anaamua: shule gani, hospitali gani, anaishi wapi. Barua yangu ilikuwa inakiri, kwa mhuri, kwamba tunaamua wawili. Uongo wa adabu ungemnyima mtoto viza wakati ukweli ulikuwa upande wetu.

Barua ikaandikwa upya, fupi na ya kweli: alimwona lini mara ya mwisho, kwamba hatoi ada, kwamba hana pingamizi. Kisha tukatafuta ushahidi. Nina bati la biskuti ninalotupia risiti tangu binti aanze chekechea. Lilitoa stakabadhi za ada zenye jina langu, kadi ya kliniki, karatasi za hospitali. Mwalimu mkuu akaandika kwamba kwa miaka yote ni mimi ninayekuja vikao vya wazazi, na bibi yake ndiye wa kupigiwa mimi nisipopatikana. Mama yangu naye alikula kiapo, kwa Kiswahili, tukakitafsiri. Tafsiri lazima iwe na jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mtafsiri, pamoja na maneno kwamba ni tafsiri sahihi.

Na yale ya meneja wa utalii? Tuliyasema yote. Mshauri aliandika maelezo ya ukurasa mmoja, tukaambatanisha ujumbe wa M-Pesa wa 2022 na leseni ya biashara yangu.

Fedha

Mwenza aliyeko kule anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza tarehe 11 Aprili 2024, kabla yake kilikuwa 18,600, kwa hiyo usifuate hesabu ya shangazi aliyekwenda zamani. Kama yuko kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi, zinatakiwa hati za mshahara za miezi sita na taarifa ya benki inayolingana nazo. Inayolingana, mwezi kwa mwezi. Mume wangu mwezi mmoja aliingiziwa mshahara kwa mafungu mawili, na bila barua ya mwajiri kueleza, ule ungeonekana ni mshahara pungufu.

Sisi mwaka 2025 tulilipa ada ya pauni 1,938 kwa kila mmoja. Juu yake ipo tozo ya afya: 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, 776 kwa mtoto. Viza ni ya miaka miwili na miezi tisa ila tozo inahesabiwa ya miaka mitatu. Jumla pauni 9,309, kama milioni 30 za kwetu. Ukikataliwa, tozo ya afya inarudishwa. Ada hairudi.

Ukiiangalia hesabu hiyo, pauni 120 tulizolipa kwa saa moja ya kwanza ya mshauri si ghali. Kama kesi yako imenyooka, ndoa yenu ya kwanza, hakuna mtoto wa nje, hujawahi kukataliwa, jaza mwenyewe na umlipe mtu akukagulie tu, ni nafuu kuliko kumpa kazi nzima. Mkataba uwe wa maandishi: bei moja, inahusu nini, haihusu nini. Anayekuhakikishia kwamba viza lazima itoke, mkimbie.

Kwa malipo ya hapa nyumbani, iwe RITA, Uhamiaji (pasipoti ni 150,000) au cheti cha tabia njema cha polisi kwa wanaotakiwa kuwa nacho, serikali inalipwa kwa kontrol namba. Anayesema "nitumie kwenye namba yangu nikulipie", mwambie akupe kontrol namba ulipe mwenyewe.

Kipimo cha kifua kikuu tulifanya Dar, kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Cheti kinaishi miezi sita, usikimbilie mapema wakati karatasi nyingine hazijakamilika. Watoto chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi eksirei, binti aliulizwa maswali tu. Mtihani wa Kiingereza wa A1, yaani kiwango cha mwanzo, ni kuongea na kusikiliza, nao ufanyike kwenye kituo kilichoidhinishwa.

Viza zetu zilitoka pamoja. Mkataba na mshauri haukuhusu kuongeza muda wa viza, na hii ya sasa itaisha baada ya miezi 33, mambo ya kipato na karatasi yaanze upya. Bati la biskuti nimeliskani lote, kopi ziko kwenye barua pepe yangu. Lenyewe nimemwachia mama yangu, kule Uru. Ameniuliza kama anaweza kuweka vifungo juu yake, nikamwambia aweke, risiti asitupe.