Somo: Kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili

Wakuu, tovuti nyingi zitakupa umbali kati ya miji miwili papo hapo, lakini muda zinaoutaja mara nyingi ni umbali uliogawanywa kwa spidi, basi. Upepo hawauhesabu. Tuchukue London na New York, tupige hesabu wenyewe. Unahitaji kikokotoo chenye sin na cos, na hakikisha kimewekwa kwenye nyuzi, si radiani.

Hatua ya 1. Tafuta latitudo na longitudo. London: 51.5 kaskazini, 0.1 magharibi. New York: 40.7 kaskazini, 74.0 magharibi. Tofauti ya longitudo ni 73.9. Mji ukiwa kusini mwa ikweta, latitudo yake iwekee alama ya kutoa.

Hatua ya 2. Zidisha sin za latitudo mbili: 0.7826 × 0.6521 = 0.5103. Kisha zidisha cos za latitudo hizo na cos ya 73.9: 0.6225 × 0.7581 × 0.2773 = 0.1309. Jumlisha, unapata 0.6412. Bonyeza cos⁻¹: nyuzi 50.12.

Hatua ya 3. Zidisha kwa 111.2, maana kila nyuzi moja ya duara la dunia ni takriban kilomita 111.2. Jibu: kilomita 5,573. Marubani wao hutumia maili za baharini, ambazo ni 60 kwa kila nyuzi, kwa hiyo 3,007.

Hatua ya 4. Kwa spidi ya 900 km kwa saa, hiyo ni saa 6 na dakika 11. Ongeza dakika 40 hivi za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka.

Sasa upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukikukabili kwa km 100 kwa saa, ndege inabaki na 800 juu ya ardhi, na safari ya angani peke yake inafika karibu saa 7. Ukikusukuma, unapata 1,000, na muda unashuka hadi saa 5 na dakika 34. Umbali ni uleule!

Hatua ya 5. Soma tiketi vizuri. Saa zinazoandikwa ni za kila mji. Ukiondoka London 11:00 na kufika New York 14:00, usiseme saa 3. Ongeza tofauti ya saa 5, safari ni saa 8. Wakati wa kurudi unatoa.

MASWALI

*Mbona kwenye ramani ndege inapinda kuelekea kaskazini?*
Ramani ndiyo inayodanganya. Chukua tufe la dunia, vuta uzi ukaze kati ya miji hiyo: utapita Ireland na Newfoundland. Hiyo ndiyo njia fupi.

*Kwa hiyo kwenda magharibi kunachelewa kwa sababu dunia inazunguka?*
Hapana mkuu. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachochelewesha ni ule mkondo wa upepo.

*Tofauti ya longitudo ikizidi 180, kama Tokyo na San Francisco?*
Mji mmoja uko mashariki na mwingine magharibi, kwa hiyo longitudo unazijumlisha: inatoka 262.1. Itoe kwenye 360, ubaki na 97.9. Hata usipoitoa, cos ni ileile.

*Tofauti ya London na New York huwa ni saa 5 siku zote?*
Karibu zote. Mwezi Machi Marekani husogeza saa mbele kabla ya Uingereza, na mwishoni mwa Oktoba Uingereza hurudisha mapema. Vipindi hivyo tofauti huwa saa 4.