Flapu usiku wa kwanza: jinsi ya kuikagua saa kwa saa

Mgonjwa anarudi wodini saa nne usiku. Ni kijana wa bodaboda. Ajali ilimwacha na mfupa wa ugoko wazi, na leo madaktari wamehamisha kipande cha ngozi kutoka pajani, wakaiunganisha ateri yake (mshipa unaoleta damu) na vena zake (mishipa inayoirudisha) na mishipa ya mguuni kwa nyuzi ambazo bila darubini huzioni vizuri. Kipande hicho ndicho tunachokiita flapu. Wao wameshinda chumba cha upasuaji siku nzima. Wewe muuguzi wa zamu ndiyo kwanza unaanza, na kifaa chako cha kwanza ni kidole.

Flapu ya namna hii inaishi kwa ateri moja na vena moja au mbili. Damu ikiganda katika mojawapo, flapu inakufa. Mara nyingi hali hiyo hutokea ndani ya saa 48 za mwanzo, na vena huziba mara nyingi kuliko ateri. Ikigundulika mapema, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, bonge linatolewa na flapu inapona. Zikipita saa nyingi, hata mshipa ukizibuliwa damu haisambai tena ndani ya nyama. Flapu ya msuli ndiyo isiyo na subira kabisa. Ngozi huvumilia kidogo.

Hatua ya 1: Ipokee flapu mbele ya aliyeishona

Usikubali maneno ya "flapu iko sawa" kutoka mlangoni. Mwite daktari kitandani, muibonyeze pamoja, mkubaliane kwamba hali ya sasa hivi ndiyo kipimo cha kuanzia. Muulize mishipa inapita wapi (hapo pasiwekwe mto wala bandeji ya kubana), ameunganisha vena ngapi, na uzi wa alama ya dopla (kifaa cha kusikiliza damu ikipita mshipani) uko wapi. Muulize pia nani anapigiwa simu saa tisa usiku. Namba hiyo iandike juu ya chati kwa maka peni, herufi kubwa.

Ratiba yetu: kila saa moja kwa siku ya kwanza, kila saa 2 siku ya pili, kisha kila saa 4 hadi daktari aseme basi.

Hatua ya 2: Tayarisha kitanda

Zima feni inayompuliza moja kwa moja. Baridi hukaza mishipa. Mguu uinuliwe kwenye mto, kisigino kikining'inia. Kama flapu iko usoni au shingoni, kichwa kisielekezwe upande unaobana mishipa, na kamba ya kushikilia mpira wa kupumulia isizungushwe shingoni. Angalia presha na mkojo, maana mgonjwa aliyekaukiwa maji hana damu ya kupeleka huko mbali. Sigara ni marufuku, na ndugu waambiwe waziwazi, kwa sababu wao ndio wanaoziingiza.

Hatua ya 3: Tazama

Hapa vitabu vingi vinatupotosha. Vinasema flapu yenye afya ni ya waridi, iliyokosa damu ni nyeupe, iliyojaa damu ni ya bluu. Wagonjwa wetu wengi ni weusi, na ukiisubiri hiyo bluu utaiona siku flapu inapooza.

Linganisha flapu na ngozi ya mahali ilikotolewa. Ngozi ya paja ikihamishiwa shavuni itabaki na rangi ya paja, kwa hiyo kuilinganisha na uso hakukuambii kitu. Kwenye ngozi nyeusi, flapu isiyopata damu hupauka, ikawa na ujivujivu kama iliyopakwa majivu. Ile ambayo damu imekwama ndani huzidi weusi, hung'aa na kukaza. Kisha chungulia kingo, kati ya nyuzi. Pale ngozi ilipokatwa, rangi ya ndani huonekana kwa kila mtu: ukiona damu ya zambarau inachuruzika kati ya nyuzi, hiyo ni habari.

Tumia taa ileile kila mara. Tochi ya simu hufanya kila kitu kielekee bluu, na umeme ukikatika usiku wa manane utadhani flapu imebadilika kumbe ni mwanga.

Flapu ya msuli iliyofunikwa kwa ngozi nyembamba ina sheria yake. Iwe nyekundu kama nyama ya ng'ombe buchani. Ikielekea rangi ya maini, piga simu.

Hatua ya 4: Bonyeza, na uhesabu

Bonyeza kwa ncha ya kidole, achia, hesabu sekunde mpaka rangi irudi. Kawaida ni kama sekunde 2. Ikizidi 3, au rangi isirudi kabisa, fikiria ateri imeziba.

Mtego uko upande wa pili, na mimi mwenyewe ulininasa. Mwaka wangu wa kwanza kwenye wodi hizi nilibonyeza flapu ya mama mmoja saa kumi alfajiri. Rangi ilirudi papo hapo, kabla sijamaliza kusema "moja". Nikaandika "nzuri sana". Saa kumi na moja nikaandika hivyohivyo. Aliyepokea zamu aliibonyeza mara moja tu, akaniangalia, akachukua simu. Vena ilikuwa imeziba. Damu ilikuwa imesongamana ndani haina pa kutokea, ndiyo maana ilirudi mbio vile. Walimrudisha, bonge likatolewa, flapu ikapona isipokuwa ukingo mmoja. Tangu siku ile, rangi ikirudi chini ya sekunde 1 naipa uzito uleule wa isiyorudi.

Kwenye ngozi nyeusi sana rangi haionekani ikirudi. Bonyeza karibu na kingo, mwanga ukipiga kwa pembeni, na uamini zaidi mguso. Flapu yenye afya ina ulaini wa shavu ukiwa umelegeza mdomo. Ikiwa ngumu kama paji la uso, vena. Ikinywea kama puto lililotoka upepo, ateri.

"Sista, mnanibonyeza kama embe sokoni," kijana mmoja alinilalamikia usiku wa pili. Nikamwambia, "Kaka, embe langu silitaki liive."

Hatua ya 5: Joto

Gusa flapu kwa mgongo wa kiganja, kisha ngozi ya jirani. Ukiwa na kipimajoto cha ngozi, tofauti ya zaidi ya nyuzi joto 2 ni onyo. Ila kwenye wodi ya joto, Dar es Salaam mwezi Februari, flapu iliyokufa hupashwa na hewa ya chumba ikabaki vuguvugu. Ya ndani ya mdomo ndiyo kabisa, joto lake halisemi lolote. Joto lisikutulize peke yake.

Hatua ya 6: Dopla

Weka jeli ya kutosha. Laza kalamu ya dopla, isisimame wima, juu ya uzi wa alama. Usiikandamize, mshipa ni mdogo, utauziba mwenyewe kisha uwaamshe watu bure. Ateri inapiga kwa mapigo, fwush, fwush. Vena inavuma kama upepo mlangoni, na ukiiminya flapu taratibu uvumi unaongezeka.

Sauti ya ateri inaweza kuendelea kwa saa kadhaa wakati vena imeshaziba. Na shingoni unaweza kuwa unasikiliza ateri nyingine kubwa ya jirani, flapu haina kitu. Kwa hiyo dopla ikisema ndiyo na kidole kikisema hapana, mfuate kidole.

Hatua ya 7: Sindano, kwa ruhusa

Ukiwa na shaka, na daktari akikubali, choma kidogo kwa sindano nyembamba, mbali na njia ya mishipa. Damu nyekundu angavu ikitoka baada ya muda mfupi, vema. Nyeusi inayobubujika, vena. Isipotoka, au yakitoka maji tu, ateri. Usiifanye kila saa. Flapu si mto wa sindano.

Hatua ya 8: Ikibadilika

Piga simu kwanza, andika baadaye. Usingoje raundi ya asubuhi wala "tuone saa ijayo". Sema kwa ufupi: ilikuwa hivi saa sita, sasa iko hivi. Picha husaidia, kwa ridhaa ya mgonjwa na bila sura yake, mradi isichukue nafasi ya simu.

Wakati daktari yuko njiani, legeza bandeji, kagua kama mguu umejikunja au dreni (mrija wa kutoa damu na maji kidondani) imeziba, pima presha, mzuie kula na kunywa, na hakikisha damu yake imepimwa kundi. Nyuzi usizikate bila kuagizwa. Akifika akakuta flapu imerudi sawa kwa sababu ulilegeza bandeji, usione haya.

Asubuhi, wakati wa kukabidhi zamu, nendeni wawili hadi kitandani na chati mkononi. Mwenzako aibonyeze kabla hujamwambia ulichoandika.