Kioo cha laptopu ya gemu kikikusumbua, anza na setingi kabla hujaenda kwa fundi

Watu wengi wananunua laptopu ya gemu yenye kioo cha 144Hz, yani kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, alafu wanakaa nayo mwaka mzima inakimbia 60 bila kujua. Kwaiyo cha kwanza kabisa ingia Settings ya Windows, System, Display, shuka mpaka Advanced display, angalia namba ya refresh rate, ndo hiyo kasi ya kubadilisha picha. Kama ni 60 na kioo kinaweza zaidi, badilisha hapo hapo. Kwenye 60 picha mpya inakuja kila baada ya milisekunde 16.7, kwenye 144 ni karibu 7, na kwenye gemu za kulenga na kupiga utaisikia mkononi kabisa.

Alafu kuna ile ya kuchomoa chaja, au umeme unakata katikati ya mechi, kioo kinakuwa cheusi kidogo kisha kinarudi, mtu anashtuka anadhani ndo kimeenda. Hakijaenda. Laptopu nyingi zimepangwa kushuka zenyewe hadi 60Hz zikiwa kwenye betri ili chaji idumu, na wakati kasi inabadilika, kioo kinazima kidogo. Tafuta kwenye ile programu ya kampuni iliyokuja na laptopu yako, au programu ya grafiki ya Intel upande wa Power, kuna swichi yake, zima. Ila hata ukizima usitegemee gemu zikimbie sawa na ukiwa umechomeka, betri haina uwezo wa kutoa wati zote ambazo chaja inatoa.

Sasa hili la mwanga ndo linaudhi kuliko yote kwa kweli. Uko kwenye gemu unaingia pango lenye giza, kioo nacho kinafifia, ukitoka nje kinang'aa, yani kinapanda na kushuka chenyewe na hujagusa kitu. Watu wanahangaika na setingi za ndani ya gemu wakati tatizo haliko huko. Ni vitu vya kubana betri, na viko sehemu zaidi ya moja ndo mana ukizima kimoja unaona bado. Kwenye Windows 11 rudi Display, bonyeza kamshale pembeni ya Brightness, ukikuta chaguo la kubadilisha mwanga kufuata kilichopo kwenye skrini, zima. Kama prosesa ni Intel, fungua programu yake ya grafiki utafute Display Power Savings, kama ni AMD inaitwa Vari-Bright, zima pia. Na rangi zikiwa za njano njano usiku, hiyo ni Night light tu, usiipeleke popote.

Kioo kikianza kupepesa pepesa, fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc uiangalie yenyewe. Kama kila kitu kinapepesa pamoja na Task Manager, shida kubwa huwa ni draiva, yani programu inayoiunganisha Windows na grafiki. Kama Task Manager imetulia na vingine vinacheza, ni programu fulani, itafute uitoe au uisasishe. Skrini ikiganda nyeusi kabisa jaribu Windows+Ctrl+Shift+B, inaanzisha upya draiva ya grafiki bila kuzima mashine. Kwa draiva iliyoharibika kweli, shusha kwanza draiva mpya, kata intaneti ili Windows isiwahi kuweka ya kwake, ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), safisha ya zamani kwa DDU, programu ya kufuta draiva ambayo ni ya bure, kisha weka mpya. Usiruke hiyo hatua ya kukata intaneti.

Gemu ikiwa nzito bila sababu, ingia Display, Graphics, ichague hiyo gemu uweke High performance, mana laptopu hizi zina grafiki mbili, yani chipu mbili za kutengeneza picha, ndogo na kubwa, na saa nyingine gemu inaangukia kwenye ile ndogo. Na kama yako ina MUX swichi itumie unapocheza, picha inatoka kwenye grafiki kubwa moja kwa moja hadi kwenye kioo bila kupitia ile ndogo.

Ukishafanya hayo yote na bado, fungua na funga mfuniko taratibu. Kupepesa kukibadilika kufuata mfuniko unavyosogea, angalia waya wa kioo unaopita kwenye bawaba, na waya ni wa bei ndogo sana kuliko kioo, kwaiyo usikubali kuuziwa kioo kabla waya haujakaguliwa.

Na kioo kikiwa kimepasuka kweli, hapa kuwa makini ndugu yangu. Vioo vya 60Hz kwa kawaida vina pini 30 pale waya unapochomekwa, vya kasi kubwa vina 40, na fundi asiyejali atakutafutia chochote cha inchi 15.6 ambacho kinawaka. Mwambie afungue asome namba iliyo nyuma ya kioo cha zamani, zile zinazoanza na B156 au NV156 au N156, atafute hiyo hiyo au inayolingana nayo kwa pini na kwa Hz. Kikishafungwa usilipe kwanza. Angalia kasi yake kwenye setingi, weka picha nyeupe tupu alafu nyeusi tupu utafute vidoa na mwanga unaovuja pembeni, sogeza mfuniko mara kadhaa, na kioo chako cha zamani omba uondoke nacho.